Sinema Haitelezi

Nyanya Zainab alikuwa na ugomvi na televisheni, na hakuuficha. Kila Jumapili alasiri majirani walijazana sebuleni kwa mwanawe Uthman, pale Majengo, Thika. Deki ikishameza kaseti, yeye husimama nyuma ya makochi, mikono kiunoni, na kutoa hukumu.

"Hii sio sinema. Hii inateleza tu kama sabuni. Sinema haitelezi. Sinema inatembea!"

Mtu akimwuliza inatembeaje, hufumba jicho moja, akachezesha vidole mbele ya uso wake, akasema picha ya sinema hupepesa kope. Mtu akiinua mkono, unauona mkono ukipanda kidogo kidogo, kama mtu anayepanda ngazi. Farasi akikimbia, kila kwato unaipata kivyake. Kisha huwakumbusha, na wote walishakumbushwa hadi wakachoka, kwamba ujana wake aliumalizia balkoni, kwenye ile sinema ya mjini iliyokuja kufungwa. Viti vya juu, tena, pamoja na wenye pesa zao.

Safaa, mjukuu wake, alilelewa kwa hadithi za picha hizo. Zote zilianzia katikati. Binti wa mfua dhahabu tayari yuko kisimani analia, mfalme tayari amekasirika, na wewe msikilizaji utajua mwenyewe walifikaje hapo. Alipokuwa mdogo aliwahi kuuliza mbona hakuna mwanzo. Nyanya alimjibu kwamba mwanzo ni wa watoto, na akamtuma dukani.

Sasa Safaa alikuwa mtu mzima, anashona sare za shule mjini, na mwezi wa Rajabu posa mbili zikagonga mlango mmoja. Ya kwanza ilitoka kwa Muzammil, mwenye duka la vipuri vya magari hapo hapo Thika. Alikuwa kijana mtanashati, mkarimu, mwenye adabu zake, na kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba Safaa hakumtaka. Ya pili ilitoka kwa Swaleh wa Ruiru, mpiga video za harusi. Huyu walijuana tangu harusi ya binamu yake Safaa, ambayo kaseti yake ilizua maneno kwa sababu bibi harusi alionekana mara chache, lakini msichana mmoja aliyekuwa akipakua pilau alionekana kutoka kila upande.

Uthman alikuwa baba mpole, asiyeweza kuamua hata rangi ya mlango bila kumtazama mama yake usoni. Akazibeba posa zote mbili akampelekea.

Nyanya Zainab alizisikiliza, akatafuna tambuu yake taratibu, na macho yake yakaanza kucheka kabla ya mdomo. Safaa, aliyekuwa amejibanza nyuma ya pazia, aliyajua macho hayo.

"Wote watoto wa watu, wote wazuri," Nyanya akasema. "Basi mwambie kila mmoja aniletee sinema hapa nyumbani. Si video, sinema. Itembee vile ilikuwa ikitembea. Atakayeniletea ndiye nitampa neno langu, na iwe kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama."

"Lakini Mama, haya si mambo ya mchezo."

"Nani anacheza?"

Muzammil hakupoteza muda. Shabani haijafika katikati, pikapu ikasimama nje, na wanaume wanne wakashusha televisheni ambayo Majengo ilikuwa haijaona mfano wake. Mlango wa mbele ilibidi utolewe bawaba ndipo ipite. Ilitoka Dubai, na rimoti yake ilikuwa na vitufe ambavyo hata mwenyewe hakuvijua vyote.

"Nyanya, hii ni dawa," Muzammil akasema, amevaa kanzu iliyopigwa pasi ikakubali. "TV za kawaida picha inarukaruka. Hii ina akili. Inatengeneza picha zake yenyewe, inazipachika hapo katikati, mwendo unakuwa laini kabisa. Huku kwetu hakuna mwingine ako nayo."

Alikuwa amejitahidi, kijana wa watu. Hata kaseti alikuwa ameisaka Nairobi mpaka akaipata ile ile picha ya binti wa mfua dhahabu, kipenzi cha Nyanya. Akaiweka. Mzee mmoja mwenye ndevu akatokea kiooni, anawasha taa ya mafuta.

"Huyu mzee ni nani?" Nyanya akauliza.

Safaa akageuka kumtazama. Picha aliyoisimulia miaka yote hii, leo hamjui mtu wa kwanza kutokea?

"Nimemsahau," Nyanya akasema haraka. "Ni zamani, wewe."

Halafu farasi wakaanza kukimbia. Walikimbia kwa ulaini wa ajabu, kama mafuta yanayomwagika. Kila unywele wao ulionekana. Mfalme alipoingia hakuwa mfalme tena, alikuwa mwanamume aliyekodi nguo. Jumba lake lilikuwa mbao zilizopakwa rangi, na mbao zenyewe zilionekana. Ngina, jirani mwuza mboga, mzaliwa wa Ngoliba asiyejua kunong'ona, akanyoosha kidole.

"Haiya! Hii si walishutia hapa Ngoingwa? Hiyo ukuta ni kama naijua!"

"Na huyo askari ni yule wa bucha," mwingine akadakia.

Basi ikawa ndiyo hiyo. Binti wa mfua dhahabu alipojitupa mtoni, mahali ambapo kwa miaka yote Nyanya alikuwa akipasimulia huku akifuta machozi, watu waliangua kicheko. Alionekana tu kama msichana wa mtaani aliyeteleza akifua nguo mto Chania.

"Hii imeteleza hata kuliko ile ingine," Nyanya akasema. "Hii ni video ya harusi. Nipeni pilau yangu niende nyumbani."

Muzammil aliumia, na Safaa alimwonea huruma kwa muda wa kama kumeza mate. Lakini kijana hakuwa mjinga. Hakuibeba televisheni yake. "Wacha ikae," akasema. "Mtazoea."

Na hilo ndilo lililomtia Safaa hofu ya kweli, kwa sababu walianza kuzoea. Uthman aligundua kwamba mpira kwenye kioo kile unaonekana hadi jasho la golikipa. Akawa anawahi kurudi kazini. Akaanza kusema, bila kuulizwa, kwamba Muzammil ni kijana anayejali. Kitu cha mtu kikikaa sebuleni kwako siku nyingi, mwenyewe naye huanza kuonekana wa nyumbani. Muzammil akawa anapita kila jioni "kuangalia kama inafanya kazi vizuri," na kila jioni chai ilikuwa ikimngoja.

Zamu ya Swaleh ilipofika, alikuja na mashine yake ya kuchanganyia picha, ile anayotumia kwenye harusi ili keki ikikatwa ionekane inakatwa kwa madaha. Ina swichi ya kufanya picha isimame, iende, isimame, iende. Akaiunganisha, akaibonyeza, na binti wa mfua dhahabu akaanza kutembea kwa mastuko.

"Huyu ana kwikwi," Nyanya akasema. "Mpeni maji."

Swaleh akarekebisha, akazima taa, akafunga mapazia, akatundika shuka nyeupe ukutani na kutoa mahesabu ya kitu alichosoma mahali. Nyanya alimtazama kwa upole hadi mwisho, akamwambia aende salama na awasalimie wa Ruiru.

Siku iliyofuata Safaa alijipatia safari ya kununua vifungo Ruiru, kana kwamba Thika haina vifungo. Alimkuta Swaleh kwenye kibanda chake, amezungukwa na nyaya.

"Niaje," Swaleh akasema bila kuinua uso. "Mimi nimeishiwa, Safaa. Nimeharibu kaseti ya harusi ya watu nikijaribu. Kwani anataka nini huyu bibi yetu?"

"Ata mi sijui. Lakini kuna kitu anaficha. Hakujua mwanzo wa ile picha, Swaleh. Anaijua kuanzia kisimani tu."

"Labda alikuwa anachelewa."

"Kila siku? Na awe amekata tiketi ya balkoni?"

Safaa alitaka kulia, na akalia kidogo, akasema waziwazi kwamba akiozwa kwa sababu ya televisheni hatawasamehe wote, na yeye Swaleh wa kwanza. Kisha akanunua vifungo, maana uongo mzuri hurudi na ushahidi.

Jua la Shabani mwaka ule lilikuwa kali, na ile televisheni kubwa nayo ilitoa joto kama jiko. Uthman, ili atazame mpira wake bila kutokwa jasho, akanunua feni ya mezani. Jumamosi moja mchana alikuwa ameisahau inazunguka juu ya kabati la mlangoni, la kimo cha kifua, na picha inaendelea peke yake. Safaa alikuwa amekaa pembeni akishona. Nyanya akatoka jikoni na sufuria mkononi, akafika nyuma ya feni, akasimama.

Akasimama kabisa. Uji ulikuwa ukitiririka kutoka ukingoni mwa sufuria na yeye hana habari. Alikuwa akitazama televisheni kupitia mapanga ya feni yanayozunguka. Safaa akamwona akifumba jicho moja, akipinda shingo kushoto, kisha, bibi mwenye magoti mabovu, akisimama kwa ncha za vidole vya miguu. Mkono wake mmoja ukapanda ukutani ukashika hewa, mahali ambapo mtu angeshika ukingo wa kitu.

"Nyanya?"

"Nini?" Nyanya akashuka upesi. "Hii feni inamaliza stima bure. Izimeni!"

Safaa hakuizima. Aliacha kushona, akavaa viatu, akaenda mjini hadi kwenye ile sinema ya zamani, ambayo sasa ilikuwa ghala la magodoro. Akalizunguka. Kwa nyuma, juu ya mtaro, ukutani, kulikuwa na duara la matofali mapya kuliko wenzake. Lilikuwa juu kidogo ya kimo cha mtu.

"Hapo kulikuwa na nini?" akamwuliza Kilonzo, mlinzi wa ghala, aliyekuwa akinywa soda kivulini.

"Hapo? Feni. Ile kubwa ya kutoa moshi na joto. Watu wakijaa ndani na sigara na njugu zao, karibu nusu ya picha, inawashwa. Kabla ya hapo ilikuwa na kifuniko." Kilonzo akacheka. "Watoto wa mtaa walikuwa wanapanda hapo kuchungulia. Sisi pia."

Safaa akasimama mbele ya ule ukuta akicheka peke yake, mkono mdomoni. Balkoni! Bibi yake, aliyewatoza heshima Majengo nzima kwa kukaa viti vya juu, hakuwahi kuingia ndani ya mlango. Baba yake Nyanya alikuwa mtu wa dini kali, hilo lilijulikana, na kwa nini hakuna aliyewahi kujiuliza alimruhusu vipi binti yake aende sinema? Picha zote alizozipenda zilimfikia zimekatwakatwa na mapanga ya feni, kuanzia katikati, sauti iko mbali. Kisha kicheko kikamwisha Safaa, akajikuta anampenda bibi yake kuliko asubuhi.

Hakumwambia mtu isipokuwa Swaleh, na alimwapisha.

Jumapili ya mwisho kabla ya Ramadhani sebule ilijaa. Muzammil naye alikuwepo, kwa kuwa televisheni ni yake, na Safaa ndiye aliyesisitiza itumike hiyo hiyo. "Ni kubwa," alisema kwa adabu, na Muzammil akafurahi. Alimwomba tu azime ile akili yake ya kupachika picha. Kwenye kona, Safaa aliweka jiko la makaa, akaanza kukaanga njugu. Kaseti aliisogeza hadi kisimani. Sauti akaipunguza.

"Haisikiki!" Ngina akalalamika.

"Ndivyo inatakiwa."

Ikabaki feni. Nyanya alikuwa amesimama mahali pake pa siku zote, nyuma ya makochi, na pale hapakuwa na nafasi ya meza wala kabati la kumfikishia feni usoni. Swaleh akapiga magoti juu ya kochi, mgongo kwa televisheni, uso kwa Nyanya, akaiinua ile feni kwa mikono miwili juu ya kichwa chake. Safaa akaiwasha. Upepo wenye harufu ya njugu na moshi wa makaa ukampiga Nyanya usoni.

Nyanya akamtazama Safaa kwa jicho kali sana, jicho la mtu aliyekamatwa. Safaa akatazama njugu zake.

"Punguza mwendo," Nyanya akasema. Safaa akapunguza. "Tena. Tena kidogo. Hapo!"

Na pale pale sinema ikaanza kutembea. Mkono wa binti wa mfua dhahabu ulipanda kidogo kidogo. Kwato za farasi zikaja moja moja. Mfalme akawa mfalme. Ngina, aliyeinuka kwenda kuchungulia begani kwa Nyanya, akashika kifua. "Ngai! Imekuwa sinema!" Wengine nao wakaja, wakasongamana nyuma ya makochi, na sebule nzima ikawa inatazama kwa kupanga foleni nyuma ya bibi mmoja. Binti alipojitupa mtoni hakuna aliyecheka. Ngina alilia kwa sauti, na kilio cha Ngina ni cha kusikika hadi stendi.

"Balkoni ilikuwa hivi, Mama Uthman?" akauliza akipenga kamasi.

"Hivi hivi," Nyanya akasema bila kupepesa. Safaa akatafuna njugu ili asicheke.

Picha iliendelea. Mikono ya Swaleh ilianza kutetemeka. Nyanya akisogea kushoto, naye anaihamisha feni kushoto, akisimamia vidole, naye anainua. Jasho lilimshuka hadi kwenye kope, na hakuwa na mkono wa kujifuta. Hakuwa ameona hata picha moja, kwa sababu televisheni ilikuwa mgongoni.

"Muzammil, mwanangu," Nyanya akasema ghafla, "hebu mpokee mwenzako kidogo."

Muzammil akapanda kochini bila kinyongo, akaipokea, akaiinua. Alidumu mpaka mfalme alipomaliza wimbo wake. Kisha akageuza kichwa atazame picha, na feni ikainama, na picha ikateleza.

"Nyanya, hii ni kujisumbua bure," akasema kwa heshima. "Nitatuma kijana wa duka aje ashike. Ama kesho niwaletee feni ndefu, ile ya kusimama yenyewe."

Lilikuwa wazo la maana, na kila mtu mwenye akili sebuleni aliliona hivyo. Hata Uthman alitikisa kichwa kukubali.

"Asante, baba," Nyanya akasema. "Mrudishie Swaleh."

Swaleh akaipokea, akaishika hadi mwisho. Majina yalipoanza kupanda kiooni, Nyanya alinyoosha mkono mwenyewe, akaizima feni. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakujishughulisha kuyafuta.

"Uthman, neno langu ni la huyu," akasema. "Muzammil, wewe ni mtu mzuri na utapata mtu mzuri, lakini mimi nampa mjukuu wangu huyu. Usinune. Televisheni yako ni nzuri kwa mpira."

Muzammil alinuna kidogo, kama binadamu yeyote, kisha akasema ni sawa, amekubali. Uthman aliitazama televisheni kwa huzuni, kama mtu anayeaga mgeni aliyemzoea.

Watu walipotoka, Safaa alikuwa akikanda mikono ya Swaleh kwa macho tu, maana baba yake alikuwa bado yupo. Nyanya akaja akamwinamia mjukuu wake sikioni.

"Nani alikuambia?"

"Ukuta, Nyanya."

Nyanya akaguna. "Pale chini kulikuwa na mtaro. Mimi nilikuwa nasimama juu ya debe, na debe halikai juu ya mtaro. Lazima mtu alishike. Babu yako alilishika. Picha baada ya picha, amelikumbatia, uso ukutani, miguu kwenye maji machafu. Hakuona kitu hata siku moja, wala hakuniomba zamu. Tukirudi ndio namsimulia njia nzima."

Safaa akamshika bibi yake mkono.

"Na ukimwambia Ngina kuhusu balkoni nitakulaani," Nyanya akaongeza, akamsogelea Swaleh, ambaye bado alikuwa kochini, mikono imemlalia mapajani kama si yake. Akaketi kando yake. Ilikuwa mara ya kwanza Safaa kumwona akikaa mbele ya televisheni ile.

"Wewe hukuona kitu, au sio?"

"Sikuona, Nyanya. Lakini ni sawa."

"Sio sawa. Safaa, rudisha kaseti mpaka mwanzo, mwanzo kabisa. Feni iacheni." Akamgeukia Swaleh, akampiga goti kidogo. "Yule mzee wa taa hata mimi simjui. Tutamwona pamoja. Lakini kwanza sikiliza nikuambie: huyu binti, sasa, yuko kisimani, analia..."